Gemu ya Ng'ombe Iliyofutika

Gemu ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa na mstari mmoja na nukta moja. Nukta inaanguka, mstari unaidaka. Mtu wa kwanza kuicheza alikuwa mamangu, siku nilipokuja Pemba likizo na kompyuta niliyoiazima kazini Dar es Salaam. Aliidaka nukta mara tatu, ya nne ikamponyoka, akanigeukia.

"Sasa mwanangu, hii ni kazi au mchezo?"

Nikamwambia ni vyote viwili.

"Haya, Mungu akujaalie," akasema, kwa ile sauti ya kumwombea mgonjwa.

Niliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilianza enzi za simu za vibonye, kwenye kampuni ndogo, tukitengeneza gemu za kuchezwa kwenye kioo kisichozidi upana wa kiberiti. Simu zilipokua na kazi ikakua, nikawa mtu wa kukodiwa na kampuni za nje. Wenyewe walikuwa wakitugawia vipande: huyu atengeneze magurudumu, huyu majani ya miti. Mimi nilipewa moshi. Miaka mitatu nilitengeneza moshi tu, wa magari, wa bunduki, wa nyumba zinazoungua. Gemu zilipotoka jina langu halikuwamo, na wanangu, ambao walikuwa wakiwaringishia wenzao skuli, wakakosa cha kuonesha.

Nikarudi Pemba. Nilikodi vyumba viwili Madungu, Chake Chake, juu ya duka la vitambaa, nikabandika kibao mlangoni kwamba hapa panatengenezwa gemu na kufundishwa. Watu walicheka. Mzee mmoja jirani aliniuliza msikitini kama kweli nimeacha kazi mjini kuja kucheza na watoto. Lakini wanafunzi walikuja. Kwa miaka kadhaa nilifundisha wengi, wengine wakapata kazi Unguja, wengine Dar, na walipokuja sikukuu walipanda ngazi kunisalimia. Nilijiona nimefanikiwa kuliko nilivyostahili.

Lazima niseme nilikuwa mwalimu wa namna gani, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Nilikuwa mkali. Nilitembea nyuma ya viti vyao na rula mkononi, nikiona kosa kwenye kioo naligonga kwa ncha ya rula, sisemi kitu, mwenyewe atafute. Sikupenda kubishiwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunionesha kosa katika mahesabu yangu mbele ya wenzake. Alikuwa sahihi, nami nikamwambia akaanze masomo upya tangu mwanzo. Wenzake walicheka, nami nikacheka. Baada ya hapo hakuna aliyenionesha kosa tena, nikadhani ni kwa sababu nilikuwa sikosei.

Na nilikuwa na sheria moja. Kompyuta zao zilikuwa dhaifu, hazina nafasi, basi kila jioni kazi yote ilihamishiwa kwenye mashine yangu, kwao ikafutwa. Mashine yangu haikuguswa na mtu ila kwa idhini yangu.

Katika wanafunzi wote, wawili ndio niliowafanya washirika. Wa kwanza alikuwa fundi wa sauti, Mpemba wa kijiji cha Kojani, aliyekuwa akifunga vipaza sauti kwenye maharusi na maulidi. Mtu mpole, wa kusikia zaidi kuliko kusema. Wa pili alikuwa msichana wa Jadida, mjini Wete. Wazazi wake walitoka bara, Wakristo, baba mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa Pemba kabla binti hajazaliwa. Yeye alizaliwa Wete, akasoma Wete, na akisema Kipemba huwezi kumtofautisha na mtoto wa Micheweni. Wanangu waliokulia Dar ndio waliokuwa wakichekwa kwa lafudhi.

Alikuwa na miaka ishirini na minne alipokuja, na alijua kuchora. Nimefanya kazi na wachoraji wengi, lakini yeye alichora uzito. Akikuchorea kuku unaona kwamba kuku yule amesimamia mguu mmoja zaidi ya mwingine.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la gemu ya ng'ombe. Kwetu Pemba tuna mchezo wa ng'ombe: dume linaletwa uwanjani na kamba, zumari inalia, ngoma zinapigwa, vijana wanaingia na vitambaa kulichokoza na kulikwepa, na wanawake wanaimba kandokando. Haliuawi. Likichoka linarudi zizini. Mimi nilikuwa nimekulia na mchezo huo, nisione kwamba ni gemu iliyokwisha kutengenezwa, ina uwanja, ina hatari, ina mwanzo na mwisho. Alikuja asubuhi moja na daftari la michoro, madume kurasa ishirini, akaliweka mezani kwangu.

"Mwalimu, tukiweza kulifanya hili ligeuke kama linavyogeuka kweli, kila mtu atalicheza."

"Kugeuka ndiko kugumu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekwenda kutazama mara nne."

Tulifanya kazi hiyo mwaka mzima na zaidi. Fundi wa sauti alikwenda vijijini kurekodi zumari na kelele za watu. Msichana alichora dume mmoja mweusi, picha kwa picha, mamia ya picha, mpaka akageuka. Siku alipogeuka vizuri mara ya kwanza, akiinamisha bega la kushoto kabla ya kichwa, fundi akasema, "Huyo kakasirika," na tukaanza kucheka kama wendawazimu. Sikuwahi kuona kitu kama kile kwa miaka yote ya moshi.

Kampuni moja ya Dar ikapenda. Walisema wataitoa kwa simu zote, kwa majina yetu, mradi waione imekamilika. Wakapanga kumtuma mtu wao aje kuiona kwetu, siku ya Jumatatu.

Sasa niseme habari ya macho.

Baba yangu alikufa kipofu. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni ya macho kwanza kisha ukasogea katikati, na unapita katika ukoo. Nilijua yote hayo. Na nilipoanza kugonga fremu za milango kwa bega, na kumwaga chai kwa sababu kikombe hakikuwa pale nilipokitazama, nilijiambia ni uchovu. Taa zilikuwa na duara za rangi pembeni yake. Maandishi kwenye kioo yalikuwa na vipande vilivyopotea, neno lina kichwa na mkia, katikati hamna kitu. Nikayakuza maandishi. Yalipozidi kupotea, nikabuni njia nyingine.

"Soma kwa sauti," nikawa nawaambia wanafunzi. "Anayesoma kazi yake kwa sauti huyaona makosa yake."

Wakasoma kwa sauti, nami nikasikiliza na kuwasahihisha. Mgeni mmoja aliyetutembelea alisifu njia ile ya kufundisha. Nilimshukuru. Mke wangu alikuwa ameshaniambia mara mbili twende tukapime, na mara zote mbili nilimfokea, mimi ambaye simfokei. Nilichokuwa nikiogopa si upofu wenyewe. Niliogopa wanafunzi wajue kwamba nimesimama nyuma ya viti vyao na rula, na sioni kitu.

Jumapili, siku moja kabla ya mgeni kuja, nilikwenda ofisini peke yangu. Msichana alikuwa kanisani kwao Wete, na Jumapili haikuwa siku yake ya kazi. Fundi alikuwa kijijini. Mashine yangu ilikuwa imejaa, nami nilitaka iwe nyepesi mgeni akija, isikwamekwame. Ndani yake kulikuwa na folda mbili za gemu. Moja namba tatu, ya zamani, tulipokuwa bado na dume asiyejua kugeuka. Nyingine namba nane, iliyokamilika. Na kulikuwa na diski mbili za akiba ambazo msichana alizijaza kila Jumamosi na kuandika tarehe kwenye daftari. Nikazisafisha zile diski, nikanakili upya gemu juu yake, kisha nikaifuta folda ya zamani mashinini na kumwaga hata pipa la taka. Nilifanya taratibu. Nilifunga mlango nikaenda kuswali adhuhuri nikiwa na furaha.

Jumatatu mgeni alishuka kwenye boti Mkoani, mwanamke wa makamo, mpole, akaletwa kwa gari mpaka kwetu. Tulikuwa watu tisa chumbani pamoja na wanafunzi. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya. Msichana ndiye aliyekaa kwenye mashine kuonesha. Akafungua. Zumari haikulia. Akatokea dume wa kijivu, bila kivuli, akaenda mbele kama sanduku linalosukumwa.

Msichana akafunga, akafungua tena. Akachomeka diski ya kwanza, kisha ya pili. Nakumbuka mgongo wake ulivyonyooka.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "ng'ombe yuko wapi?"

Nikamwambia aangalie vizuri.

"Nimeangalia. Namba nane haimo. Kote kuna namba tatu."

"Jumamosi ulinakili nini?"

"Nane. Niliandika. Daftari hilo hapo."

Mgeni akasema kwa upole kwamba vitu kama hivyo hutokea, tusihangaike, tutafute tu. Upole wake ulinichoma. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu, mbele ya mtu aliyevuka bahari kuja kuona jina langu, na sikuwa na kitu cha kumuonesha, na kwa kweli nilikuwa hata sikioni vizuri kile kioo walichokuwa wakikikodolea macho. Nikatafuta wa kumwangushia.

"Umenakili ya zamani juu ya mpya," nikasema. "Umetuulia kazi."

"Sikufanya hivyo, mwalimu."

"Diski anazishika nani? Nani, kama si wewe?"

"Mimi na wewe."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, si kwa ukaidi, alikuwa akijibu swali. Lakini lilikuwa ndilo jambo ambalo hakuna mtu katika chumba kile aliyepaswa kulisema. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuielewa mpaka leo imetoka wapi, nikasema maneno ambayo nayaandika hapa kwa sababu niliyasema.

"Nyinyi watu wa kuja ndivyo mlivyo. Kitu si chenu, hamkionei uchungu."

Msichana akageuka, mara ya kwanza asubuhi ile, akanitazama.

"Mie mtu wa kuja, mwalimu?"

Akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo wa ofisi, akauweka juu ya meza. Akachukua daftari lake la michoro. Akamwambia mgeni, "Samahani kwa usumbufu, mama," akashuka ngazi. Fundi wa sauti alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemfuata.

Tulijaribu kuirudia kazi. Haikuwezekana. Dume lilikuwa mikononi mwake yeye, na michoro ya karatasi ameondoka nayo. Nilimtafuta mchoraji Unguja akatuletea ng'ombe mzuri, mnene, aliyegeuka kama mlango. Baada ya miezi minne kampuni ya Dar ilinipigia kwa adabu na kusema wamechukua gemu nyingine. Wanafunzi wakapungua. Wengine walisema wamepata kibarua, wengine hawakusema kitu. Kila aliyeniuliza kulikoni nilimjibu kwamba kazi iliharibiwa na mtu niliyemwamini. Nililisema hilo msikitini, nikalisema barazani, nikalisema mbele ya mwalimu mmoja wa Wete ambaye bila shaka alilifikisha Jadida.

Macho yalizidi. Siku moja nilimkanyaga paka wa nyumbani, paka mweupe, saa nne ya asubuhi, jua kali. Mke wangu alikwenda chumbani, akarudi na begi limeshafungwa.

"Boti ni kesho," akasema. "Utakwenda kwa miguu yako au niwaite kaka zangu wakubebe."

Tulikwenda hospitali Unguja. Daktari alikuwa kijana, mtulivu. Alinipima kwa mashine, akanitia matone, kisha akanipa kikaratasi chenye namba niisome. Nikasoma: sita, nane, mbili, nane, tano.

"Rudia mzee wangu, taratibu."

Nikarudia vilevile.

"Hapo pa pili ni tatu," akasema. "Na pa nne. Kipande unachokosa wewe unajijazia mwenyewe. Ubongo haupendi pengo."

Akaendelea kueleza kwamba kilichopotea hakirudi, kwamba dawa itazuia tu kilichobaki kisiende upesi, na kwamba ningekuja miaka miwili nyuma tungezungumza mengine. Mke wangu alianza kulia kwa sauti ya chini. Alidhani nami nalia kwa hayo. Mimi nilikuwa nimeshika kile kikaratasi, na nilikuwa Madungu, Jumapili, nafunga mlango nikiwa na furaha.

Hata hivyo sikutaka kuamini kwa dhana. Tuliporudi nilimwita fundi wa sauti ofisini. Nilimwambia afungue kumbukumbu za mashine yangu, ile sehemu inayoandika kila faili limefutwa saa ngapi na nani. Nilimwambia atafute wiki ile.

Hakushika mausi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hamna haja, mwalimu."

"Kwa nini hamna haja?"

"Nilishaangalia. Siku ya pili yake tu, ulipotoka kwenda kumsindikiza mgeni. Imefutwa Jumapili, saa sita kasoro za mchana, kwa neno lako la siri."

Nilikaa. Kiti hakikuwa pale nilipodhani, nikakaa nusu, akanidaka mkono.

"Umejua miezi tisa?"

"Nimejua."

"Na mwenzako nimemtangaza mji mzima. Mbona hukunambia?"

Alikuwa mtu wa Kojani, aliyelelewa kumwita mwalimu wake baba, na nadhani jibu lile lilimgharimu kuliko lilivyonigharimu mimi.

"Nikwambie vipi?" akasema. "Nani aliyewahi kukwambia kitu hapa? Nilidhani unajua. Nilidhani umeamua tu kwamba abebe yeye."

Nimepewa habari mbaya kadhaa maishani, na ile ya daktari ni mojawapo. Hakuna iliyonifika kama hiyo. Kwamba mtu mwema, aliyefanya kazi nami miaka, aliniona ninaweza kufanya jambo kama lile kwa makusudi, na akaendelea kuniamkia kila asubuhi.

Msichana alikuwa amepata kazi Mkoani, bandarini, katika ofisi ya tiketi za boti, kuandika majina ya abiria. Nilikwenda na mke wangu. Alinishika mkono kunipitisha kati ya wachukuzi na mizigo, mpaka dirishani. Nilimtambua kwa sauti, akimuuliza mtu herufi za jina lake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Ningependa kusema sauti yake ilikuwa baridi, lakini haikuwa na kitu chochote.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi. Gemu niliifuta mimi. Sikuona. Macho yangu..."

"Najua kama ni wewe."

"Fundi alikwambia?"

"Hakunambia mtu. Mimi najua nilichokifanya Jumamosi." Nyuma yetu watu walikuwa wakingoja, mmoja akaguna. "Na macho yako pia nilijua. Ulikuwa unaniambia nisome kwa sauti mpaka namba za kurasa. Nilisema, mwalimu ana haya, tumsitiri. Nilikusitiri mwaka mzima."

Mke wangu aliubana mkono wangu.

"Basi nisamehe," nikasema. "Rudi. Ofisi ni yako, tufanye upya."

"Kufuta si kosa, mwalimu. Mtu haoni, kafuta. Hilo nimeshasamehe zamani." Akateremsha sauti. "Lakini ulisema lile neno mbele za watu tisa. Na radhi umekuja kuniomba dirishani, peke yetu. Babangu kafundisha watoto wa kisiwa hiki miaka ishirini na minane. Tangu siku ile hakupita tena sokoni Chake."

Akaongeza, "Naomba upishe, kuna abiria." Akaita jina la mtu aliyefuata.

Mwezi ule nikaita watu. Niliwaita wanafunzi wote wa siku ile niliowapata, wazazi wao, jirani wa msikitini, yule mwalimu wa Wete, na mwenye duka chini. Nilimpigia simu mgeni wa Dar, akasikiliza kwenye simu iliyowekwa mezani. Niliwatumia salamu Jadida, baba, mama na binti. Chumba kilijaa mpaka ngazini. Nikasimama pale pale, nikasema: gemu niliifuta mimi, Jumapili, kwa mkono wangu. Nilikuwa sioni na nikaficha. Nikamtupia lawama binti wa watu, nikamwita mtu wa kuja, na yeye kazaliwa hapa, na hata angekuwa hakuzaliwa hapa, nilisema uchafu. Kila mtakayemsikia akilirudia jambo hili, mwambieni lilikuwa uongo wangu.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mtu mmoja akasema, "Mungu atusamehe sote," na wengine wakaitikia haraka, ili limalizike. Wakaanza kushuka. Jirani wa msikitini alinipiga bega kwa upole akaniambia haikuwa lazima nijidhalilishe kiasi hiki kwa jambo la kompyuta.

Binti hakuja. Lakini baba yake alikuja. Sikujua mpaka chumba kilipokuwa kitupu, nikasikia kiti kikisogezwa nyuma.

"Mimi ni mzazi wake," akasema, kwa Kiswahili cha bara, kila silabi imekaa mahali pake.

Nikaanza upya kuomba radhi. Akanikatiza.

"Nimesikia. Sikuja kwa hilo. Tunahamia bara mwezi ujao, nimestaafu. Binti anaomba kazi huko, kazi hii hii ya gemu. Kila anapoomba wanamuuliza alifanya wapi na nani wa kumshuhudia. Nataka uandike."

Sikuweza kuandika. Fundi wa sauti alikaa kwenye mashine, mimi nikasema, yeye akachapa. Nikasema kwamba alikuwa mchoraji bora niliyewahi kufanya kazi naye, kwamba gemu ilikuwa yake, wazo na dume, na kwamba ilipotea kwa kosa langu mimi mwenye ofisi. Mzee alitaka isomwe mara mbili. Mara ya pili alisimamisha kwenye neno moja, akalisahihisha herufi, kama mwalimu. Karatasi ilipotoka akaiweka mbele yangu, akanipa kalamu, nami sikuuona mstari wa sahihi. Nilibaki nimeshika kalamu hewani.

Akanishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya karatasi.

"Hapa," akasema.

Nikatia sahihi. Akaikunja barua, akamuaga fundi, kwangu akasema tu "Haya," akashuka ngazi polepole, mtu mwenye magoti mabovu. Waliondoka mwezi uliofuata. Kama barua ile ilimfaa binti, sijui. Hakunitafuta, na mimi nimejizuia kumtafuta, maana ningemtafuta kwa ajili yangu.

Fundi wa sauti alibaki nami mwaka mmoja zaidi kisha akarudi kwenye vipaza sauti vyake. Tuliachana kwa wema. Kampuni yangu sikuifunga rasmi, imejifunga yenyewe. Chumba kimoja nimekirudisha kwa mwenyewe. Kilichobaki nafundishia, wanafunzi watano, watatu wanawake, Jumamosi na Jumatano. Jicho la kulia linajua mchana tu. La kushoto lina tundu dogo ambalo ndani yake naweza kuona herufi mbili kwa wakati mmoja nikisogeza kichwa.

Siku ya kwanza kila mwanafunzi namwambia mambo mawili. Kwamba sioni. Na kwamba nikikosea anisahihishe hapo hapo, mbele ya wenzake, bila kuomba samahani. Wanaitikia, "Sawa, mwalimu." Ni vijana wenye adabu sana.

Jumatano iliyopita niliwapima. Nilikuwa nafundisha jinsi kitu kinavyoanguka kwenye gemu, jinsi mwendo unavyoongezeka kadiri kinavyoshuka, jambo ambalo tulilifanya pamoja wiki ya kabla na kila mmoja analijua. Nikawaambia mwendo unapungua. Nikaliweka wazi, nikalirudia, na nikanyamaza kungoja.

Nikawasikia wakiandika.